Kambare Wangu Haachi Kuruka, na Mke Wangu Ameshaandaa Sufuria

Shangazi Metrine mpendwa,

Nisaidie upesi, kwa maana mimi sina siku nyingi na samaki wangu ana chache kuliko mimi. Mimi ni Enos Wepukhulu, mzaliwa wa Kimilili, karani mstaafu wa reli hapa Kisumu na mzee wa kanisa, na daktari amenipima mapafu akamwambia mke wangu anirudishe nyumbani nikale ninachopenda, na mtu yeyote aliyesoma anajua maana ya maneno hayo, kwa hiyo nakuandikia bila aibu, kama msafiri ambaye mizigo yake imeshafungwa.

Mambo yalianza hivi. Jirani yetu Dorca, ambaye huleta samaki kutoka Usenge na kuwauza nyumba kwa nyumba kwenye beseni, aliingia kwetu na kambare, wale ambao watu wa ziwa huwaita mumi, na mke wangu Seline akachagua mmoja akaenda jikoni kutafuta mchi wa kumpiga kichwani, nami nikabaki naye sebuleni tukitazamana. Shangazi, yule samaki alitikisa masharubu. Alikuwa ametolewa majini tangu asubuhi na bado alikuwa akihema, polepole na kwa taabu, vile ninavyohema mimi, tena alifanana mno na marehemu Dalmas aliyekuwa msimamizi wangu stesheni, na nikaona kwamba siwezi kukaa kwenye kiti nikisikia Dalmas akipigwa mchi. Seline aliporudi alikuta nimemtia kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Tuligombana mpaka chakula kikaiva, lakini siku hiyo nilimaliza ugali wangu kwa mara ya kwanza tangu niugue, na Seline aliiona sahani, akaenda kuchota maji mengine ya kunywa.

Fundi Khaemba alinitafutia kabati la kioo ambalo hoteli moja ya Kibuye ilikuwa ikiwekea mandazi, akalilaza, akaziba pembe zake kwa lami, na Dalmas akahamia humo, mezani karibu na redio, mkono wangu unapofika. Majirani wakaja kutazama. Dorca alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaniambia, “Jaduong’, mzee wangu, sisi tumezaliwa ziwa likiwa mlangoni na hatujawahi kumkaribisha samaki sebuleni. Nyinyi watu wa ng’ombe mkiona kitu kina macho mnataka kukifuga.” Na hilo ni kweli.

Sasa taabu yangu ni kwamba Dalmas anaruka. Hakuanza hivyo, mwanzoni alikuwa mtulivu kama karani mpya, lakini sasa hata siku tatu hazipiti kabla hajajirusha juu ya ukingo wa kabati akaanguka sakafuni, na mimi magoti yangu hayakunjiki tena, siwezi kumwokota, naweza tu kumtazama na kumsihi mpaka mtu aje. Nimejaribu kumfunika kwa ungo, akausukuma kwa kichwa. Nimemfunika kwa gazeti lako hili, likalowa likazama, na nadhani alikula ukurasa wa michezo. Mwisho nikachukua kile kitambaa cheupe cha kufuma ambacho Seline huweka juu ya kochi wageni wanapokuja, nikakitandaza juu ya kioo na kukibana kwa vikombe, na hapo ndipo nilipojiharibia kabisa, kwa sababu siku hiyo akina mama wa kanisa walikuja kuniombea. Walikuwa wamefumba macho, Mama Nabututu akiwa katikati ya kumkemea mauti aondoke nyumbani mwetu, mara Dalmas akaruka na kitambaa kichwani kama bibi harusi, akatua kwenye mapaja yake. Sitaeleza yaliyofuata. Baadhi ya wale mama walitorokea dirishani, na wengine sijawaona tena. Dorca, ambaye alikuwa amekuja tu kurudisha beseni letu, alimshika Dalmas nyuma ya kichwa, akampima kwa mkono na kusema, “Ni mumi tu, Mama. Na amenona.”

Jioni hiyo Seline alisimama mbele yangu na mwiko mkononi akanipa sheria. Alisema, “Baba, nisikilize. Samaki akiwa ndani ya maji ni mnyama wako. Akianguka kwenye saruji yangu ni mboga.” Na Seline si mtu wa kutishia bure. Sufuria ameiweka juu ya jiko, nyanya ameshanunua, na kila akipita karibu na kabati humwambia Dalmas, “Wewe endelea tu.”

Kwa hiyo ninaishi kwa hofu, Shangazi. Mchana nikimeza dawa, usingizi hunivuta kama mzigo, na nikiwa katikati ya kusinzia nasikia pwaa, ameanguka, na ninataka kupiga kelele lakini ulimi ni mzito, ninasikia ndara za Seline zikija kutoka jikoni, kisha sisikii kitu. Nikiamka nageuza kichwa nikitarajia harufu ya kitunguu, na namwona Dalmas ndani ya kabati, mzima, na sakafu ni kavu. Imetokea hivyo mara nyingi. Nimelitafakari jambo hili kwa elimu yote niliyopewa, na kwa kuwa kambare hujulikana kutambaa nchi kavu kutoka dimbwi hadi dimbwi wakati wa mvua, nimeamua kwamba huwa anapanda kiti, halafu meza, kisha anarudi mwenyewe kabla Seline hajamfikia. Lakini naye anazeeka. Siku moja atakosa nguvu ya kupanda, nami nitaamka niletewe Dalmas kwenye sahani, na hicho ni kitu ambacho sitaki kukiona kabla sijafumba macho. Seline akienda sokoni ni yeye ninayezungumza naye. Watoto wako mbali, Muhoroni na Nairobi, na samaki ana faida moja, hakuulizi unaendeleaje.

Limebaki jambo dogo ambalo sidhani linahusika, ila naliungama kwa sababu nataka kuondoka nikiwa msafi. Rafiki yangu Wakoli huja kunitazama na chupa ya chai, na Seline anaamini ndani yake mna uji wa wimbi. Ni busaa. Kanisa letu halikubali pombe na mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele kuwaonya vijana, lakini daktari alisema nile ninachopenda, na mimi nilimsikiliza daktari. Sasa, nikisikia ndara za Seline zinakaribia, kilichobaki kikombeni hukimimina ndani ya kabati, machicha na yote, kwa kuwa ndipo mahali palipo karibu. Maji yana povu kidogo siku hizi na yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini Dalmas hajalalamika.

Nimzuieje asiruke? Chapisha jina langu lote. Seline husomewa ukurasa wako na Dorca kila wiki, jioni akimaliza kuuza samaki, na hili la busaa nikiliachia gazeti liseme, sitalazimika kulisema mimi.

Ni mimi,
Enos Wepukhulu, Makasembo

SHANGAZI METRINE ANAJIBU

Mzee Wepukhulu,

Pole kwa mapafu. Kwa hayo sina la kuongeza juu ya aliyosema daktari. Kwa mengine yote nitakukaripia, nawe niwie radhi, maana umeniandikia bila aibu nami nitakujibu vivyo hivyo.

Samaki wako amelewa. Wewe ni mtu uliyesoma, unajua habari za kambare kutambaa wakati wa mvua, halafu unamwagia kiumbe busaa kila Wakoli akija na unashangaa kwamba anatafuta mlango. Maji yenye povu yamechachuka. Hayana hewa na yanamwasha ngozi, na mimi pia ungeniweka humo ningeruka, na kitambaa cha kochi kisingenizuia. Acha leo. Ukishindwa kumaliza kikombe, mwambie Wakoli alete kidogo.

Mwite Khaemba. Achote nusu ya maji hayo na kuweka mapya, kisha baada ya siku chache achote tena, asibadilishe yote kwa mara moja, samaki atashtuka. Maji ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu, yakae kwanza kwenye ndoo wazi tangu jana yake. Na asijaze kabati mpaka juu kama nadhani mnavyofanya, aache nafasi ya shibiri nzima kati ya maji na ukingo, maana samaki wako akianzia juu kazi yake imebaki ndogo. Mfuniko atengeneze wa waya wa kuku, uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao inayokaa sawasawa juu ya kioo, na juu yake jiwe la kusagia au chochote kizito, ila vikombe hapana. Msiweke ubao mzima. Kambare huja juu kumeza hewa, ukimzibia utamnyonga, na hiyo ndiyo sababu aliusukuma ungo wako. Mumtilie ndani chungu kilichovunjika apate pa kujificha, na magugu ya ziwa kidogo, na muihamishe hiyo redio. Samaki anayeshtuliwa na taarifa ya habari kila saa hawezi kutulia. Chakula chake ni minyoo na dagaa wa omena kidogo. Ukurasa wa michezo hapana.

Sasa tuje kwa Seline, kwa maana hapo ndipo uliponishangaza.

Mzee, samaki hapandi kiti. Hata awe na akili ya msimamizi wa stesheni, hapandi kiti, halafu meza, akajitia ndani ya kioo na kupangusa sakafu nyuma yake. Unasikia ameanguka, unasikia ndara zinakuja, kisha unaamka umkute ndani ya maji. Ulikuwa karani wa reli. Mzigo ukianguka njiani na kukutwa stesheni, kuna mtu aliyeubeba.

Huyo mke wako mwenye sufuria amekuwa akiacha kazi zake kila samaki akianguka, anainama, anamshika kwa mikono miwili samaki anayeteleza, anamrudisha kwa mume wake na kupiga deki kabla hujaamka. Hizo nyanya alizonunua umezila wewe mwenyewe kwenye mboga nyingine. Na kuhusu busaa, unadhani mama aliyekaa nawe miaka yote hii hajui tofauti ya harufu ya busaa na ya uji? Amekuwa akiburuta ndara makusudi ili upate muda wa kuficha. Mtu anayetaka kukukamata angekuja bila viatu.

Kwa hiyo usiliachie gazeti lifanye kazi ya mdomo wako. Dorca hatafika kwenye ukurasa huu kabla ya jioni, nawe una mchana mzima. Mwite Seline aketi. Mwambie habari za busaa, naye atajifanya ameshangaa, mwache ajifanye. Kisha mwambie kwamba Dalmas ni wake, na uyaseme hayo mbele ya Dorca awe shahidi, kwa sababu unajua watu wanavyofurika nyumbani siku za matanga, wana njaa, na samaki aliyenona amekaa mezani hana mwenyewe. Usimwombe amtunze kwa ajili yako. Mpe kabisa. Siku utakayoondoka, Mzee, nyumba hiyo itakuwa kimya, na Seline atahitaji mtu wa kumgombeza.