Kiti cha Upande wa Pili

Kwako Mama Lusekelo,
Ikinga, Ileje.

Mke wangu, nakusalimu wewe kabla ya watu wote. Hujambo? Goti linasemaje siku hizi za baridi? Paa la jikoni umepata mtu wa kuliziba, au bado unahamisha sufuria kila mvua ikinyesha? Mimi huku ni mzima. Natembea, nakula, na tundu la sindano naliona bila miwani, jambo linalowashangaza vijana wa hapa.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Asajile, mtoto wa dada yako, alitaka nimwambie maneno yeye aandike, nikakataa. Niliishia darasa la tatu, lakini lilikuwa darasa la tatu la zamani. Kama mistari inapanda mlima, wewe inamisha karatasi. Simu sikuitaka, kwa sababu nikipiga nyumba nzima inasikiliza, halafu jirani anakuja kukuuliza mzee amesema nini.

Asajile amenifikishia maneno yako. Umesema rafiki yake ameshakufa, sasa anakaa Tunduma na nani, aache sindano arudi apumzike. Nimekusikia. Sasa nisikilize na wewe, maana habari za kufa kwa Sichone umezipata kwa watu, kwangu hujazipata.

Kazi yetu unaijua kwa jina tu. Turubai la lori si shuka ya kitandani. Likichanika tunalitundika kwenye kamba kati ya nguzo mbili, pale kando ya foleni ya malori, halafu mmoja anakaa huku na mwingine kule. Mimi nasukuma sindano, yeye anaivuta, anakaza uzi, anairudisha. Kutwa nzima humwoni mwenzako, unaona turubai likitikisika. Kwa hiyo Sichone nilimjua sauti kuliko sura. Alivuka mpaka kutoka Nakonde kila asubuhi, akakaa upande wake, akaniambia, "Mudala, umeamka?" Kwao Zambia mudala ni mzee. Namjibu mudala ni yeye, na tulibishana nani mkubwa mpaka amekufa hatujamaliza. Wewe hakupata kukuona, lakini alikuwa akiniuliza habari zako kama mtu wa ukoo.

Na usidhani tulikuwa mafundi kama mafundi wengine. Kutoka hapa mpaka Vwawa hakuna mshono unaofikia wangu, na madereva wa Kongo wananiulizia kwa jina. Sababu ni hii. Kila mwezi wa kwanza watu wa hapa wanaanza biashara mpya. Jirani yetu wa kibanda cha mkono wa kulia aliuza chipsi, akaacha, akauza makava ya simu, akaacha, akaleta vifaranga, na sasa hivi anauza miwani ya jua. Sisi kila mwezi wa kwanza tulikaa na chai tukaulizana, katika kazi hii hii, ni kitu gani tunakifanya vibaya kuliko vyote? Tukishakipata, mwaka mzima tunahangaika na hicho tu. Mwaka mmoja ilikuwa kona. Mwaka mwingine zile pete za chuma za kupitishia kamba. Hatukuongeza kazi, tuliingia ndani zaidi ya ile ile.

Mwaka huu tulichagua kuunga turubai jipya na kuukuu. Hilo ndilo linalowashinda wote. Jipya likipigwa na jua linavutika, kuukuu limeshamaliza kuvutika. Basi mshono unakaa vizuri hapa Tunduma, lori likifika Mpika, huko Zambia, kuukuu limechanika kando ya uzi. Fundi mwingine akiona hivyo anaweka uzi mnene, na hapo ndipo anapojimaliza, maana uzi mnene unalikata kuukuu kama kisu. Sichone alisema dawa si uzi, dawa ni kulegeza. Jipya lilegezwe kidogo katika kila tundu, na wa kupima kulegea huko ni yule aliyekaa upande wa kuukuu, kwa sababu mkono wake ndio unaosikia linapolemewa. Tulikuwa tumekaribia. Kipande cha mwisho tulichounga kilikwenda Kongo kikarudi, kimechanika pembeni tu, kidogo. Siku ile tulicheka kama watu waliolewa.

Halafu akaanza kukohoa. Nilijua kabla hajasema, maana turubai lilikuwa likitikisika na sindano ninayo mimi. Nikamwambia nenda hospitali, akasema tumalize mstari huu kwanza. Miguu ikavimba. Kukawa na asubuhi ambayo hakuvuka. Nikatundika turubai, nikakaa, nikajiambia ni msongamano wa mpakani. Mchana nikasikia mtu anakaa upande wa pili, nikasukuma sindano. Haikuvutwa. Kumbe ni binti yake. Akasema kule kule nyuma ya turubai, "Ba mudala, tata amefariki." Sikumwona uso na yeye hakuniona. Nadhani alitaka iwe hivyo, na nilimshukuru.

Nilivuka kwenda kumzika. Mchungaji wao akasema marehemu alikuwa fundi cherehani. Mara ya kwanza nilimvumilia. Aliporudia nikasimama katikati ya watu nikamwambia, "Mchungaji, samahani. Fundi cherehani anashona suruali. Huyu alikuwa anaezeka malori." Vijana wakaanza kunishika mabega wanikalishe. Mke wa Sichone alikuwa kwenye mkeka na wanawake, akainua kichwa akasema mwacheni, huyo ndiye mwenzake wa sindano. Wakaniacha. Nikakaa.

Sasa huyu mwanao. Nasema mwanao maana akikosea ni wako. Lusekelo alikuja baada ya msiba, akakaa kiti cha Sichone. Sikumwomba, alikaa mwenyewe, na nilifurahi ingawa sikumwambia. Lakini alikuwa anairudisha sindano huku anatazama simu, mshono ukaenda kama njia ya mbuzi. Niliufumua wote. Akaniambia, "Baba, kazi hii imekwisha. Mizigo siku hizi ni makontena."

Nikamwuliza, "Kontena halinyeshewi?"

"Linanyeshewa, baba. Mzigo ndio haulowani."

Nikamwambia akaze kamba. Makontena ni mengi, kweli, foleni naiona. Sihitaji kuambiwa na mtu aliyefungua kibanda cha kutuma pesa, akanunua pikipiki, akafuga kuku, na kila kimoja akakiacha ndiyo kwanza kinaanza kumzoea. Mbolea inapita wazi. Salfa inapita wazi. Siku litakapopita lori la mwisho lililo wazi, litataka turubai, na mimi nitakuwepo. Nilimwambia hayo. Wiki iliyofuata akaenda Saza kwa rafiki zake wa dhahabu, akasema akipata atatujengea. Nilipomshika mkono kumuaga ulikuwa laini, mwanamume mzima na ndevu zake, hakuna kazi iliyowahi kuacha alama pale. Nimeufikiria mkono huo kuliko maneno yote aliyosema.

Tangu hapo nashona peke yangu. Nasukuma sindano, nanyanyuka, nazunguka nguzo, naivuta, naisukuma, narudi. Madereva wanasema mzee anacheza ngoma. Wacha waseme, na bado kazi wananiletea mimi. Ila kuna wakati najisahau. Nasukuma, halafu nakaa mkono wazi nangoja irudi. Siku moja nimekaa hivyo mpaka jirani wa miwani akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia nafikiri.

Mishono mingine yote naiweza hivyo hivyo kwa kuzunguka. Kuunga jipya na kuukuu siwezi. Nimejaribu na kufumua, nimejaribu na kufumua. Mkono mmoja hausikii pande zote mbili. Na mwaka haujaisha, na hilo ndilo tulilochagua, na mwenzangu ameondoka likiwa linakaribia. Ndiyo maana sirudi, Mama Lusekelo. Umeuliza nakaa na nani. Nakaa na hilo.

Lakini nimefikiri jambo. Wewe umesuka mikeka tangu kabla sijakuoa. Wenzako wameingia kwenye sabuni, wakaingia kwenye vitambaa vya makochi, wakaingia kwenye vitumbua, wewe ukabaki na ukindu wako. Mkeka wako ninaolalia hapa haujaachia hata ukingo, na kila aliyeuona nimemwambia umesukwa na nani. Mkono wako unasikia. Njoo. Asajile atakushika mkono njiani, na mbuzi awachukue mdogo wangu Yohana. Utakaa upande wa kuukuu, upande huo una kivuli mpaka alasiri. Hutaniona, utanisikia sauti tu, na kwa umri wetu huo si mpango mbaya. Sikuiti kwa sababu ya upweke, usiende kumwambia dada yako hivyo. Nakuita kwa sababu ya kazi.

Mpe salamu mama yako, mwambie bado nakumbuka alivyonikataa na sasa anaona mwenyewe. Msalimie Yohana, ambaye ni mdogo wangu lakini ananipita kwa uvivu. Msalimie mzee wa kanisa, na mke wake anayekuletea dawa ya kuchua. Lusekelo akipita huko kabla ya kufika huku, mpe chakula kwanza, maswali baadaye.

Kama hutakuja, usiniandikie kwamba hutakuja. Nyamaza tu. Kiti nakifuta vumbi kila asubuhi.

Ni mimi mumeo, fundi,
Baba Lusekelo,
Tunduma.