Bibi wa Kwenye Ndoo

Duka la Mikate,
Nyuma ya Soko la Mboga.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Kijiko, mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi yangu naye hajambo? Ule mgongo wake umekubali kupona, au bado anaubembeleza kama mtoto mwenye homa? Huku sisi ni wazima. Mama yuko salama, isipokuwa amegombana na meno yake ya bandia na sasa anayavaa wakati wa kupigwa picha tu. Anakuulizia kila siku, kisha ananilaumu mimi kwamba huji.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nikikupigia simu mpaka chaji inaisha. Shemeji yako amepiga marufuku neno moja lisitajwe kwenye simu za nyumba hii, na bila neno hilo habari yangu haisimuliki. Neno lenyewe ni unga. Ndiyo, unga! Cheka sasa, maana baadaye hutacheka sana.

Nina swali moja la kukuuliza, na ndilo hasa lililonikalisha mezani. Lakini nikikuuliza hivihivi utadhani nimerukwa na akili, kwa hiyo ngoja kwanza nikueleze yaliyotupata.

Shemeji yako alikuwa mahabusu. Usiruke kwenye kiti. Ametoka, yuko chumba cha pili amejilaza, nasikia anavyokoroma. Nilikuficha kwa sababu ungepanda ndege kwa mkopo, na ukifika ungefanya nini zaidi ya kulia na mimi?

Unaijua ile chachu yetu ya mikate. Tangu Bibi alipofariki tunaiita kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeianzisha, na kwa kuwa ilikuwa na tabia zake zote: asubuhi inanung'unika, isipolishwa inanuna, ikifurahi inafura mpaka inasukuma kifuniko cha ndoo. Kwetu sisi kusema "Bibi ana njaa" ni maneno ya kawaida kabisa. Hatukuwahi kujiuliza yanasikikaje masikioni mwa mtu mwingine.

Asubuhi moja shemeji yako, vidole vimejaa kinyunga cha mkate, akarekodi ujumbe wa sauti wa kumpelekea msagishaji wetu, yule anayetusagia ngano. Alisema hivi, na ninaukumbuka vizuri kwa sababu mahakamani walitusikilizisha mara nyingi: "Kaka, Bibi ameamka vibaya leo, anataka unga. Niletee ule mweupe kabisa, siyo kama wa juzi. Pitia mlango wa nyuma, vijana wananisubiri." Kidole kikateleza. Ujumbe ukaenda kwa mtu aliyewahi kutuagiza keki ya harusi, ambaye hatujui hata anafanya kazi gani.

Simlaumu sana mtu huyo kwa kuupeleka polisi. Sheria hii mpya inasema ukijua habari ya dawa za kulevya ukanyamaza, na wewe umo. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Nimejiuliza swali hilo nikiwa nimekasirika na nikiwa nimetulia, na majibu yangu hayafanani.

Wakaja askari. Wakachukua magunia, mizani, mifuko ya karatasi na mtu wangu. Mmoja akafunua ndoo, akamwona Bibi anatoa mapovu, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Bibi naye akachukuliwa, akafungwa kwa utepe na lakiri. Duka likapigwa kufuli.

Kwenye mahojiano walitaka kujua jambo moja tu. Huyo Bibi ni nani? Shemeji yako akajibu kwamba ni bibi wa mkewe. Anakaa wapi? Akasema, "Jana mlimchukua wenyewe, yuko kwenye ndoo." Unamjua alivyo, hata akisema kweli sura yake inakaa kama ya mtu anayetania. Waliandika kwamba mshtakiwa ana kejeli na anamlinda mkubwa wake.

Sasa sikiliza jambo ninalolishangaa mpaka leo. Kosa hilo halina dhamana. Ukiua mtu kwa gari unaweza kurudi nyumbani ukasubiri kesi, lakini ukisema unga, unakaa ndani mpaka mkemia wa serikali apime. Na mkemia ana foleni, kwa sababu kila kinachofanana na unga nchi nzima kinapelekwa kwake. Soda ya kuokea, dawa ya panya, poda ya mtoto, vyote vinamsubiri yeye. Miezi ikapita, ngano yetu imekaa kwenye rafu inangoja kuitwa ngano.

Huku nje, vijana wetu wawili wa tanuri wakatafuta vibarua kwingine. Shule ya jirani ikawa haina mkate wa asubuhi. Msagishaji akahojiwa naye, akaogopa hata kunisalimia. Watoto wangu wakapewa jina la "watoto wa unga," wakarudi nyumbani wananiuliza kama ni kweli. Niliwaambia ni kweli, na wajivunie. Kisha nikaingia bafuni nikalia.

Huko mahabusu shemeji yako alilala karibu na Fundi Saa. Unamkumbuka? Yule mwenye kibanda mkabala na kinyozi, aliyekutengenezea saa yako ya kwanza. Yeye dawa anatumia kweli, wala hafichi. Shemeji yako alimwona akitetemeka na kutapika, wenzake wakimfunika mashati yao. Akamuuliza kwa nini hakwenda hospitali kabla hajafika hapo. Kumbe alikwenda! Alijiandikisha kupata tiba, na wiki hiyohiyo akakamatwa akitoka getini. Tangu hapo kila akifunguliwa anakuta kibanda kimebomolewa na wateja wamekwenda na saa zao. Kilichobaki kumpokea ni ileile kona anakonunua.

Hapo ndipo akili yangu inaponasa, Kijiko. Kona yenyewe ipo. Napita kila nikienda sokoni. Muuzaji ni yuleyule, kofia ni ileile. Wa ngano amefungwa, wa saa amefungwa, wa kofia anapunga upepo. Nilimuuliza askari mmoja jambo hilo, yule mpole aliyekuwa mteja wetu. Akaangalia viatu vyake, akaniambia wao huhesabiwa kwa waliokamatwa, hawahesabiwi kwa waliopona.

Nisikufiche, jirani yetu mshona nguo haoni kama mimi. Alimpoteza binti yake kwa dawa hizo, na anataka sheria iwe kali mara mbili. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshika mkono. Kisha nikamuuliza, binti yako alipokuwa anaumwa ulimpeleka wapi? Akasema hakumpeleka popote, aliogopa wangemfunga.

Basi majibu ya mkemia yakaja. Hakimu akasoma: unga wa ngano. Watu mahakamani wakacheka, hakimu hakucheka, na hakuna aliyesema pole. Shemeji yako akatoka na suruali inamvuka. Siku hizi hasemi unga tena. Juzi alimpigia msagishaji akamwambia, "Niletee ule mzigo." Nikampokonya simu, nikamwambia, baba watoto, hilo ni baya zaidi!

Walirudisha vielelezo pia. Ndoo ikaja na lakiri yake. Akaifungua taratibu, akijiambia labda, labda. Bibi alikuwa amekuwa mweusi, ana ukungu wa kijani, ananuka mauti. Shemeji yako, ambaye hakulia mahabusu wala kizimbani, alikaa chini kwenye gunia tupu akalia kwa sauti. Tunaoka kwa hamira ya dukani sasa. Mikate inafura, inapendeza, na wateja wachache waliorudi wanakula huku wanatafuta ladha ambayo hawaijui jina.

Swali langu ndilo hili. Siku ile ulipoondoka ulichota Bibi kidogo ukamtia kwenye chupa ya jamu, ukamfunga na soksi kwenye begi. Je, bado unaye? Unamlisha? Au ulimsahau kwenye friji la watu? Nijibu ukweli, sitakugombeza. Nitakugombeza kidogo.

Nilitaka kukuomba umtandaze kwenye karatasi, umkaushe, umsage, umtume kwa posta. Nilishaandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Kisha nikaiangalia picha yenyewe: bahasha, ndani yake unga mweupe, umetoka ng'ambo, unakuja kwenye nyumba hii. Nikaichana karatasi ile, vipande nikavitia tanurini.

Kwa hiyo usimtume. Mlishe tu. Kama unaye, amebaki kwako peke yako duniani.

Msalimie sana wifi na mgongo wake. Wasalimie wapwa wangu, yaani hao paka wenu. Shemeji yako ameamka, anakusalimu, anasema amekonda vizuri na nguo zako ulizoacha zinamtosha. Mama anakubariki kwa mikono miwili, bila meno. Mungu akulinde njiani na kazini, na awape watu wote wanaotetemeka leo mahali pa kwenda.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye mikono isiyotakata.

Tena, ukinijibu, usiandike kwamba Bibi yu hai. Andika tu kwamba huko mkate ni mtamu, nami nitaelewa.