Picha Kumi na Moja za Mwisho za Baba

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotoka na kamera yako kwenda ufukweni, ukamwambia Mama akuwekee chai, hutakawia. Chai ilimwagwa jioni. Mpaka leo hatujazoea.

Ulikuwa fundi wa friji, tena hodari, lakini mtaa mzima ulijua kwamba maji yakipwa hupatikani karakanani. Wateja walifoka, "Fundi, nyama yangu inaoza!" Nawe bila haya, "Friji itaningoja, kitwitwi hanijui." Wakakupachika jina la Mzee Tulia, maana "tulia" ndilo neno ulilowanong'oneza ndege wako vitwitwi kwenye tope, na kenge, na ngiri wa nyuma ya mikoko, na sisi pia tukigombana mezani. Ngiri mmoja hakutulia. Ulirudi umechanika suruali, unacheka mwenyewe, una picha ya pua yake tu.

Mama alikutania, "Wewe umeoa ndege, mimi kazi yangu kufua tope." Lakini kila jioni baada ya kula mlikaa kochi moja, kamera katikati. Wewe kufuta picha hukuweza, roho ilikuuma hata kwa mkia uliotoka nusu. Basi kazi hiyo ilikuwa ya Mama. Picha nzuri, alisema, "Abaki." Yenye ukungu, "Aende," akabonyeza. Miaka ishirini na miwili hivyo hivyo, na hukumlaumu hata siku moja.

Mchimba chambo aliyekukuta umelala matopeni, umeshatutoka, ndiye aliyetuletea kamera, ndani ya mfuko mmoja na viatu vyako. Mama hakuigusa miezi miwili. Kisha jioni moja, baada ya kula, akakaa mahali pake kwenye kochi, akaiwasha. Tulimsikia kutoka jikoni tukafurahi, maskini sisi, tukadhani anaanza kupata nafuu. "Abaki," alisema. "Abaki." Halafu, "Aende. Aende. Aende."

Binti yako mkubwa, yule muuguzi, alifika kochini imebaki moja. Anga imepinda, ncha ya kidole, tope. Akasoma saa pembeni mwa picha: tatu na dakika kumi na mbili. Mchimba chambo alikukuta saa tatu na robo.

"Mama, ngoja!"

Mama alikuwa ameshabonyeza.

Kwa hesabu ya Mama zilikuwa kumi na moja, Baba, zote za ukungu. Mkono ulikuwa unakutetemeka na bado ulikuwa unapiga. Labda ulikuwa unamfuata ndege fulani. Labda ulikuwa unatuita. Hatujui, wala hatutajua. Fundi wa kompyuta alihangaika na kadi ya kamera siku nne azirudishe, akairudisha bila kututazama usoni.

Tunamwambia Mama kwamba hakujua, kwamba mkono ulifuata mazoea tu. Wapi! "Nilimwambia aende," anasema, "kwa mdomo wangu mwenyewe." Chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Kochi lile hataki hata kulipita. Mara tatu amekwenda kaburini kukuomba radhi, na mara tatu amerudi hajafungua kinywa. Kwa hiyo ametuomba neno lake tuliandike hapa gazetini, mbele za watu, huenda huku likatoka: "Baba watoto, nisamehe."

Sisi tumeshamsamehe, lakini msamaha wetu haumfai kitu. Anautaka wako, na wewe hupo. Hatuna dawa ya jambo hili, Baba. Tumetafuta miezi kumi na tumechoka.

Anakataa kutajwa miongoni mwa wanaokukumbuka. Anasema hastahili. Tumebishana naye wiki nzima, na leo tumemweka wa kwanza bila ruhusa yake.

Unakumbukwa na mkeo. Unakumbukwa pia na wanao watatu, muuguzi, dereva na kitindamimba wako. Na dada yako mshona nguo. Na mafundi wenzako wa karakana.

Maadamu tuko hai, Baba, tutakukumbuka.