Begi la Mtalii

Shangazi, shikamoo.

Sumbawanga kuna baridi ya kupasua midomo, kwa hiyo juzi nilikaa pale stendi naota jua, nikisubiri gunia langu la ulezi litoke kijijini Pito. Pembeni yangu alikaa kijana wa Kizungu, naye anaota jua. Mgambo wakaja wakanikamata kwa uzururaji. Nikajitetea kwamba siku hizi kila kitu ruksa. Wakasema kukaa bure bado, twende mahabusu.

Yule Mzungu akawaambia kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Mimi pia hapana kazi. Tangu Krismasi nazurura tu."

Wakacheka, mmoja akamletea kiti. "Huyu ni mtalii," akanielimisha.

Mzungu akaona aibu, akanivika begi lake mgongoni. "Basi huyu mpagazi wangu."

Wakaniachia hapo hapo. Yule aliyenishika mkono akaniambia, "Pole na mzigo, kaka."

Jana mtalii kapanda basi la Mbeya, begi kaniachia kwa kuwa zipu imekufa. Nimelijaza nyasi, nalivaa hata nikienda msalani. Mgambo wananisalimia vizuri sana.

Nimeukumbuka mlenda wako. Mwambie bibi asiwe na wasiwasi tena, nimepata kazi.

Mwanao, Deo