Zamu Yetu ya Maji

Mjukuu wangu Manka,

Shikamoo uliyoniandikia kutoka Mwanza imefika Machame salama. Marahaba. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kwa nini nilikuwa nakata kidonge cha presha nusu wakati kadi ya bima ninayo. Ni kwamba kwenye dirisha la dawa hospitalini waliniambia, "Bibi, dawa yako imeisha," nami nikasema asante, nikarudi nyumbani kukata nusu zilizobaki ili zisiishe upesi.

Nilipokuwa msichana, baba alinituma na jembe nikafungulie maji ya mfereji, maana ilikuwa zamu yetu. Nikamkuta jirani, mama mtu mzima, bado anamwagilia. Nikaona haya kumwambia. Nikakaa ukingoni nikinusa udongo uliolowa, mpaka zamu yetu ikapita. Baba hakunichapa. Alinishika mkono, akanionyesha migomba yetu iliyonyauka, akasema, "Mgomba haujui kwamba wewe una adabu." Hadi leo nikipita pale namsikia.

Basi juzi nimerudi dirishani. Wakasema tena imeisha. Safari hii sikuondoka. Nikauliza kama ipo nyingine ya kazi hiyohiyo ambayo bima inaikubali. Wakanirudisha kwa daktari, akaniandikia, nikapewa ya mwezi mzima.

Nilikuwa nimeshika mkongojo tu, Manka, lakini mkononi niliusikia kama lile jembe.

Ni mimi bibi yako, ninayemeza kidonge kizima.