Meza ya Mwisho, Ubavuni mwa Choo

Jang'ombe,
Unguja.
10 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu Zuleikha,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Hujambo wewe? Baridi ya huko Uingereza imepungua? Vaa soksi mbili mbili, na usinijibu kwamba hapana haja. Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo linaloninunia. Anayeandika ni Nasima, mke wa baba yako mdogo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupunguza ukali.

Siku ile uliponieleza kwenye simu neno la Kiingereza, "random", hukujua nalitakia nini. Sasa sikiliza.

Soko letu dogo la uani, Mlandege, lilivunjwa likajengwa upya. Wanawake kumi na wawili, meza kumi na mbili. Ya kwanza iko mlangoni, kila anayeingia lazima aione. Ya mwisho iko ubavuni mwa choo. Mimi nauza vikuba mwaka wa thelathini na moja huu. Nani atataka kikuba cha asumini na rehani, akibandike kifuani aende nacho harusini, na kimeshavuta harufu ya choo? Tena Shaabani hii, harusi kila nyumba!

Akaja katibu wetu, Munir, na karatasi. Ati kompyuta imechagua majina "random", basi hapana kubadilisha. Mlangoni, mama mkwe wake. Ya pili, shangazi yake. Ya tatu, jirani ya shangazi. Chooni, mimi. Wenzangu wakainamisha vichwa. Likishatajwa neno la Kiingereza, watu huona wameshahukumiwa.

Ndipo nikakupigia. Ukanambia maana yake ni kila mmoja awe na fursa sawa na mwenzake, na anayechagua mwenyewe asijue kitakachotoka. Ukasema wanaojaribu dawa mpya huwagawa wagonjwa hivyo, ili wasimpendelee mtu. Na vijana wa huko hulitumia hata kwa jambo lililozuka tu, halina kichwa wala miguu. Yote nikayashika. Skuli sikwenda, lakini kichwa changu hakivuji.

Asubuhi yake nikamkabili mbele ya watu.

"Munir, wewe ulikuwa hujui kitakachotoka?"

"Bibi, kompyuta haina upendeleo."

"Kweli haina. Kompyuta haina mkwe. Wewe unaye."

Bi Mwatima, muuza ukwaju, alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Munir. Nikamwambia tutapiga kura kama watu wanavyogawana mafungu ya samaki: kila mmoja atie kitu chake kapuni, mtu afungwe macho, avitoe kimoja kimoja, cha kwanza meza ya mlangoni, cha mwisho ya chooni. Na atakayefungwa macho ni yeye mwenyewe.

Mama mkwe akatia pete, Bi Mwatima ufunguo, mimi nikatia kikuba, kwani nna nini kingine? Munir tukamfunga mtandio. Mkono wa kwanza tu, kikuba changu! Meza ya mlangoni! Vigelegele hivyo.

Raha ile niliila dakika moja, Zuleikha. Kisha nikaona vidole vya Munir vinanukia asumini. Kapu zima kitu laini, kikubwa, chenye harufu ni changu peke yangu. Mkono ungekwenda wapi? Wallahi sikukusudia. Lakini sivyo ulivyonambia. Mama mkwe yule ananitazama tu. Nikajua nikinyamaza, mimi ni Munir aliyevaa kanga.

Nikasema irudiwe. Bi Mwatima akanivuta buibui: "We una wazimu? Nyamaza!" Sikunyamaza. Tukachukua kwa Gharib, fundi cherehani, vifungo kumi na viwili, ukubwa mmoja, rangi mbalimbali. Changu cha zambarau.

Bi Mwatima akatoka wa kwanza. Mama mkwe wa tisa. Kifungo changu kikabaki peke yake ndani ya kapu.

Bi Mwatima alitaka tubadilishane, nikamfukuza. Choo nimekisugua mwenyewe, nimefukiza udi, na vikuba nimevining'iniza mpaka juu ya mlango wake. Wateja wangu wakongwe wananifuata kwa pua. Wengine hawaji, nao sitawaomba. Juzi Munir kaja kwa sauti ya chini, ati aniandikie barua nihamishwe. Nikamwambia: "Iguse meza hii uone! Safari ile uliniweka wewe. Safari hii nimewekwa na kifungo."

Baba yako mdogo Usi anakusalimu, pamoja na watoto wake, na Salhiya wa nyumba ya pili anauliza utaolewa lini. Mjibu mwenyewe. Mungu akulinde na baridi na mahasidi, akurudishe kwetu na afya yako. Ukifika usiniulizie mlangoni. Pita moja kwa moja mpaka mwisho.

Ni mimi bibi yako akupendaye,
Mashavu binti Ubwa,
meza ya kumi na mbili.