Usukani wa Marehemu Sebastiani

Milanzi, Sumbawanga
Julai 1993

Kaka Stephano,

Shikamoo. Hujambo wewe, shemeji na watoto, na mguu wa mama umepata nafuu? Mimi mwili hauna neno, ila baridi ya huku inauma na mambo yangu yamekwama.

Kazi iliyonileta unaijua. Tangu magari ya Kijapani yaanze kumiminika, tajiri wangu wa Dar es Salaam anatafuta yale ya zamani ya Kimarekani, na mimi ndiye jicho lake. Hapa Milanzi nilikuta Shevroleti ya miaka ya hamsini, kioo cha mbele kimepinda mpaka ubavuni, nikaitambua kabla sijashuka kwenye baiskeli. Ilikuwa ya dereva mmoja, marehemu Sebastiani. Bodi iko uani kwao, vipuri vimetapakaa mtaa mzima. Bampa lilikuwa benchi la kilabuni, vifuniko vya ringi vinafunika vyungu, show, ule wavu wa mbele, imekuwa dirisha la banda la kuku. Nilivikusanya kimoja kimoja, watu wakicheka kwamba Mnyakyusa anaokota makopo.

Kikabaki kimoja, stelingi, nacho kilikuwa kimechomekwa kwenye kaburi la Sebastiani, kando ya msalaba. Tajiri alishasema nisirudi bila gari kamili.

Nikaenda kwa mzee Flavian, kaka wa marehemu, nikamkuta na wazee wenzake. Mjane, Evodia, alikuwa pembeni anapepeta ulezi. Unanijua kwa kujikweza. Kila siku nasema stelingi, lakini mbele ya wazee nikataka Kiswahili cha heshima. Nikavua kofia, nikasema nimekuja kuomba kushika usukani wa marehemu.

Wazee wakatazamana. Mzee Flavian akaniuliza kama nimefikiri vizuri, maana kuna watoto. Nilidhani anahofia watalia kaburi likiguswa, nikajibu nimefikiri sana. Kuku akachinjwa, firigisi nikapewa mimi. Nilikuwa bado naitafuna mzee alipotangaza kwamba Evodia amepata mume.

Ningesema palepale, lakini nilikuwa nimeshakula. Usukani wenyewe uling'olewa kwa sala, nikakabidhiwa, na lori la tajiri limeshaondoka na Shevroleti nzima. Mimi nimebaki. Nimepewa chumba uani, na nikienda sokoni naitwa baba Beda, kwa jina la mtoto wa Evodia. Kila nikianza kueleza, mzee Flavian anacheka, anasema mabwana harusi wote huwa hivyo.

Jana tukichambua maharage, Evodia aliniambia kwamba yeye alinielewa tangu mwanzo. Nani Milanzi hakujua kwamba natafuta vyuma? Alinyamaza kwa sababu walikuwa wanataka kumwoza kwa mzee mmoja wa Kaoze mwenye wake wawili tayari. Akaniomba radhi, akasema basi la Mbeya linaondoka asubuhi, nipande, yeye atajua la kuwajibu.

Kaka, leo nilikwenda stendi na begi langu. Basi likaondoka, mimi nikarudi. Hakuna aliyenishika mkono. Nikiondoka namtupa Evodia kwa yule mzee, nikikaa namvunjia heshima Atusaye, ambaye posa yake uliipeleka wewe mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima. Halafu nikamwona Evodia amesimama mlangoni, nikafurahi, na naona aibu kukuandikia hilo.

Wazee wa hapa wanakusubiri uje kwa niaba ya nyumba yetu. Nisalimie mama na wote wanaoniulizia. Atusaye usimpelekee salamu. Nenda kwao, ukae chini, umweleze.

Mdogo wako,
Ndimyake